Ukichomoa kadi tu laptopu inaganda: chanzo kipo kwenye intarapti, tukitafute

Mwalimu mmoja aliniletea laptopu yake ya zamani, zile nzito zenye sloti ya kadi ubavuni, waifai ya ndani ilishakufa siku nyingi kwa hiyo anatumia kadi ya waifai ya CardBus (zile kadi bapa za kuchomeka ubavuni) inayochungulia nje kama ulimi. Kila akitaka kuiweka mashine kwenye begi inabidi achomoe kadi, na kila akichomoa mashine inaganda. Akaniambia "fundi, nahisi hii sloti inapiga shoti". Nikamwambia mwalimu hebu weka mziki kwanza. Akaweka, nikachomoa kadi, na spika zikaanza nipe-nipe-nipe-nipe-nipe, kipande kilekile kifupi kinajirudia bila kukoma mpaka nikakandamiza batani ya pawa ikazima.

Hapo hapo nikajua sio shoti. Ingekuwa shoti mashine ingezimika, au ingenuka. Mziki unaojirudia maana yake chipu ya sauti bado inasoma bafa yake yenyewe kwenye memori, hiyo kazi inaifanya bila kumsumbua prosesa, ila prosesa ambaye alitakiwa aje aweke kipande kipya haji. Yupo, ana umeme, anafanya kazi kwa nguvu zote, ila kuna mahali kashikwa na haachiwi. Na mahali pa kumshika prosesa namna hiyo ni mahali pamoja tu kwa asilimia kubwa ya mashine nilizoona: ndani ya intarapti.

Kwa ambao hilo neno mnalisikia tu: intarapti ni hodi. Kadi ikipata data haikai kusubiri prosesa apite kuuliza, inapiga hodi, prosesa anaacha alichokuwa anafanya anakimbia kuiita draiva ya hiyo kadi (programu inayoijua na kuiendesha), draiva inasoma rejista ya hali, yani kisanduku kidogo cha biti ndani ya kadi, kuiuliza kadi "una shida gani", inashughulikia, inasoma tena, ikikuta hamna kitu kingine inatoka na prosesa anarudi kazini kwake. Yote hiyo ni mikrosekunde tu, mtu hahisi.

Sasa kadi ikiwa haipo, draiva ikisoma ile rejista hapatikani wa kujibu, na kwenye basi la PCI, yani njia inayounganisha kadi na prosesa, swali lisilojibiwa linarudi na biti zote zikiwa moja, yani 0xFFFFFFFF. Draiva iliyoandikwa bila kufikiria hilo inaziangalia hizo biti inaona nina data, nimemaliza kutuma, nina erori, bafa imejaa, vyote kwa pamoja. Inashughulikia, inasoma tena, bado moja zote. Inashughulikia tena. Hiyo ndio lupu ambayo haina mwisho, na kwa kuwa iko ndani ya intarapti hamna programu nyingine inayopata nafasi, hata kibodi.

Mtu atauliza, kadi si imeshatoka, nani sasa kapiga hodi? Hapa ndio penye utamu. Sloti za PCMCIA (zile za zamani kuliko CardBus) na za CardBus zina pini 68, na pini mbili kati ya hizo, ya 36 na ya 67, ni fupi kuliko zingine, moja iko upande huu nyingine upande ule. Kazi yake ni kusema kadi ipo. Za umeme ni ndefu. Kwa hiyo ukivuta kadi zile fupi zinaachia kwanza, na chipu ya daraja inayosimamia sloti inapata habari kabla umeme haujakatika, milisekunde chache hivi. Daraja likishajua linapiga hodi lake: kadi inaondoka. Na kwenye laptopu nyingi za enzi hizo daraja na kadi wanatumia laini moja ya intarapti. Wakati hodi inapigwa, draiva zote za laini hiyo zinaitwa moja baada ya nyingine, ikiwemo ya kadi ambayo ndio kwanza imetoka. Yani kile kitendo chako cha kuchomoa ndicho kinachoiamsha draiva ikaiulize kadi ambayo haipo. Ndio maana inaganda palepale mkononi na sio dakika tano baadae.

Haya twende kwa dalili, anza na yako, sio lazima usome zote. Amri zote ni za Linux, wa Windows wana sehemu yao huko chini.

Inaganda kabisa ukichomoa tu

Kabla hujashika kitu bonyeza Caps Lock. Kama taa inawaka na kuzima unavyobonyeza, prosesa bado anasikia kibodi, kilichoganda ni skrini au programu tu, usipoteze muda na intarapti. Kama taa haibadiliki kabisa, ni ile lupu niliyosema. Na kama taa inapepesa yenyewe bila kuguswa kwenye Linux, hiyo ni keneli (kiini cha mfumo) imepaniki, imeshajua kuna kosa na ikasimama, hiyo ni tofauti na ni nafuu maana huwa inaacha ujumbe.

Shida ni kwamba ujumbe unatokea nyuma ya dirisha zako na wewe huuoni. Dawa yake rahisi, kabla ya kuchomoa toka kwenye dirisha, nenda teminali ya maandishi kwa Ctrl+Alt+F3, ingia, andika

sudo dmesg -n 8

halafu chomoa kadi ukiwa hapohapo. Chochote keneli itakachosema kabla ya kufa kitabaki kwenye skrini, piga picha na simu. Mashine ya prosesa wa koo (core) mbili au zaidi haigandi yote kwa mkupuo, koo moja inashikwa nyingine inaendelea kujikongoja, na baada ya sekunde kadhaa unaweza kuona maneno kama "Watchdog detected hard LOCKUP on cpu 0" na chini yake orodha ya fankshen. Tafuta jina la draiva kwenye hiyo orodha, mara nyingi liko juu juu. Ukilipata umemaliza nusu ya kazi.

Kujiridhisha kwamba ni draiva na sio sloti, fanya jaribio hili ambalo mimi naliamini kuliko yote: iondoe draiva kwanza ndipo uchomoe kadi. Mfano kadi ya waifai

sudo ip link set wlan1 down
sudo modprobe -r jina_la_draiva

kisha chomoa. Isipoganda, sloti nzima, umeme mzima, daraja zima, mwenye kosa ni draiva. Ikiganda hata bila draiva, hapo sasa nenda kaangalie pini na BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka), na chini huko nimeongelea.

Ya mwalimu haikuganda. Kumbe kuna mtu alishawahi kumkompailia draiva ya nje ya keneli zamani sana, keneli yenyewe tayari ilikuwa na draiva yake nzuri tu ambayo imezimwa kwenye orodha ya blacklist ili ile ya nje ifanye kazi. Nikaifuta ya nje, nikatoa mstari kwenye /etc/modprobe.d, nikarestati. Nikachomoa kadi mara kumi na mziki unaimba. Ndio ilikuwa matengenezo yote, hata bisibisi sikushika.

Draiva zilizokomaa zinajua huu mchezo. Ukisoma ile 3c59x ya kadi za 3Com, aliyoianzisha Donald Becker, utakuta inalinganisha hali na 0xffff na kuna komenti kwamba hadiweya huenda haipo tena, na hata ikikosea hapo imewekewa kikomo cha raundi 32 ndani ya intarapti moja, ikifika inalalamika "Too much work in interrupt" na kutoka. Ile ya firewire-ohci nayo ikikuta biti zote moja inasema sio yangu na kuondoka. Kwa hiyo kwenye keneli ya kisasa ukipata kugandishwa na kadi ya kawaida, mtuhumiwa wa kwanza ni draiva ya nje uliyoongeza mwenyewe.

Mashine haigandi ila vitu vingine vinakufa: mausi, sauti, au neti ya waya

Hii inachanganya watu sana kwa sababu kilichokufa hakihusiani na kadi. Umechomoa kadi ya modemu, mausi ya USB ndio inakuwa nzito inaruka ruka. Mtu anabadilisha mausi. Anabadilisha na ya pili.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye korido, wapangaji sita mlango wa mbele mmoja. Mtu akipiga hodi mlango mkubwa kila mpangaji anachungulia, "mgeni wangu? hapana", mpaka apatikane mwenye mgeni. Hiyo ndio laini ya intarapti inayotumiwa na draiva nyingi. Sasa mpangaji mmoja kahama bila kuaga na mtu bado anagonga, anagonga, anagonga, kila mtu anasema si wangu. Mwenye nyumba, ambaye ni keneli, anavumilia ila anahesabu. Linux ikihesabu intarapti 100,000 za laini moja na ikakuta zaidi ya 99,900 hazina mwenyewe, inaipigilia misumari hiyo laini, na wapangaji wote waliobaki wageni wao hawaingii tena kwa utaratibu. Kwenye dmesg, yani logi ya keneli, utakuta

irq 11: nobody cared (try booting with the "irqpoll" option)
Disabling IRQ #11

Ukiona hayo mawili (irq ndio laini ya intarapti) usitafute tena, ndio yenyewe. Ila usiishie hapo, chini yake kuna neno handlers na orodha ya draiva zilizokuwa kwenye laini. Hao ni majeruhi, sio lazima mkosaji awemo, maana mkosaji mara nyingi ndiye yule aliyeshaondoka.

Kujua nani anakaa na nani, kabla ya kuchomoa kadi soma

cat /proc/interrupts

Laptopu ya zamani inaweza kukuonyesha mstari kama huu

11:  482130  XT-PIC  yenta, uhci_hcd:usb1, wifi0, Intel 82801DB-ICH4

yenta ni daraja la kadi, kisha USB, kisha kadi yenyewe, kisha sauti, wote mlango mmoja. Hapo hata kabla hujachomoa unajua nini kitaumia. Kuona XT-PIC kwenyewe ni dalili kwamba mashine inatumia utaratibu wa kale wenye laini 16 tu, na ukitoa za kibodi, saa na diski zinabaki chache za kugombania. Ukiona IO-APIC afadhali, laini ni nyingi na watu wanatawanyika. Kuna watu walishawahi kuweka noapic au acpi=off kwenye mistari ya kuwashia mashine miaka hiyo kutibu kitu kingine na wakasahau, na hiyo ndio inayowarundika wote kwenye 11. Angalia

cat /proc/cmdline

ukikuta hayo maneno jaribu kuyatoa kabla ya kitu kingine chochote. Ushauri wa "weka acpi=off" naona bado unazunguka, na kwenye hili suala unaharibu zaidi ya kutengeneza.

Vipi kuhusu irqpoll yenyewe ambayo keneli inaipendekeza? Inafanya kazi, inaifanya keneli iwe inawapitia wapangaji wote hata wa milango mingine kila hodi ikikosa mwenyewe. Mashine inakuwa nzito kidogo. Mimi naitumia kupima tu: ikiondoa tatizo basi nimethibitisha ni laini isiyo na mwenyewe, nikishathibitisha naitoa naenda kutibu draiva. Kuiacha moja kwa moja ni kama kuweka ndoo chini ya paa linalovuja, ukiwa huna namna weka, mvua haikusubiri.

Kama ni kadi za biti 16, zile PCMCIA za asili kama modemu za simu na sirio (serial), kuna mlango wa pili wa kutokea. Hizo zinaomba laini ya ISA yake peke yake, na unaweza kuzuia zisipewe laini fulani kwa kuandika kwenye /etc/pcmcia/config.opts mstari kama

exclude irq 11

ukiwa umegundua inagongana. Na kwenye hizo za sirio ukichomoa huku minicom (programu ya kuongea na sirio) imefunguliwa, kwenye keneli za zamani utaona "too much work for irq" kwenye logi, hiyo ni ile ile hadithi ya kusoma moja tupu, ila draiva ya sirio ina kikomo kwa hiyo inalalamika badala ya kuganda. Adapta za kadi ya CF nazo kwenye mifumo ya zamani zinakuandikia "lost interrupt" na diski inaning'inia, hapo kosa ni lako umechomoa bila umount, tusizunguke.

Umechomoa salama ila ukirudisha kadi haionekani

Hapa intarapti inayokosekana ni ya daraja sio ya kadi. Daraja limepiga hodi ya kuondoka au ya kuingia na hamna aliyeisikia.

Kwenye CardBus tafuta neno Yenta kwenye dmesg. Ukikuta "no PCI IRQ, CardBus support disabled for this socket" na pembeni inakuambia uangalie BIOS yako, iamini. Ingia BIOS, kuna mashine zina chaguo la CardBus au la Plug and Play OS, badilisha moja moja ukijaribu, na kama kuna toleo jipya la BIOS kwa hiyo modeli liweke. Wakati huo unaweza kulazimisha kwa mkono

sudo pccardctl eject 0
sudo pccardctl insert 0
pccardctl status

Wa siku nyingi mnaikumbuka kama cardctl ya kwenye pcmcia-cs ya David Hinds, ni ile ile. Ikionekana kwa kulazimisha lakini haionekani ukichomeka tu, ndio uthibitisho kwamba hodi ya daraja haifiki.

ExpressCard ni mnyama mwingine. Ni nyembamba, upana wa milimita 34 au 54, na ndani ya sloti moja kuna njia mbili, PCI Express na USB 2.0, kadi inachagua njia yake. Hii inaokoa muda kuijua: modemu nyingi za 3G za ExpressCard na visomeo vya memori kadi zinapita njia ya USB. Andika lsusb na lspci. Ikitokea kwenye lsusb basi kuchomoa hiyo kadi ni sawasawa na kuchomoa flashi, intarapti ni ya kontrola ya USB iliyoko ndani ambayo haiendi popote, na kama mashine inaganda unatafuta mahali sipo. Ikitokea kwenye lspci, mfano kadi za USB 3.0, FireWire, eSATA, hapo ndio mambo ya humu yanakuhusu.

Kwa hizo za lspci kinachosikiliza ni pciehp, sehemu ya keneli inayosimamia kuchomeka na kuchomoa kadi za PCI Express. Ukichomoa dmesg inatakiwa iseme Card not present au Link Down. Kama iko kimya kabisa, pciehp haijapewa hiyo sloti na BIOS. Keneli za zamani zilikuwa na pciehp.pciehp_force=1 ya kulazimisha, na njia inayofanya kazi hata leo ni ya mkono, unaitoa kadi kwenye mfumo kabla ya kuivuta

echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:05:00.0/remove

namba hiyo badilisha na ya kadi yako uliyoiona kwenye lspci, angalia usiweke ya daraja ukapoteza kila kitu kilicho nyuma yake, kisha ukirudisha

echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan

Baadhi ya BIOS zinauzima mlango mzima wa PCI Express kama haikukuta kadi wakati wa kuwasha, hapo hata rescan haipati kitu. Washa mashine kadi ikiwa ndani, baada ya hapo unaweza kuchomoa na kurudisha. Ni ujinga lakini ndivyo zilivyo.

Na ukichomoa kadi ya USB 3.0 ukaona "HC died; cleaning up" kwenye logi usishtuke. Hiyo ni draiva ya xhci (ya kontrola za USB 3.0) imesoma moja tupu, imeelewa kontrola haipo, inafanya usafi. Lugha kali ila tabia nzuri.

Kitu kimoja cha ExpressCard ambacho kinawafanya wawe wapole kuliko CardBus: intarapti zake nyingi ni MSI, hazipigi kwenye waya wa pamoja, kadi inaandika ujumbe kwenye anwani fulani na kila mtu ana yake. Kwenye /proc/interrupts utaona PCI-MSI. Kadi ikiondoka haibaki hodi inayogonga, kwa hiyo "nobody cared" ni nadra. Lakini kama mtu kaweka pci=nomsi, au draiva haijui MSI, wanarudi korido moja na matatizo yale yale. Thunderbolt ya leo ni PCI Express kwenye waya, kwa hiyo mwenye kadi ya picha ya nje anayechomoa waya na mashine kuganda anaumwa ugonjwa wa familia hii hii.

Kadi imetoka lakini jina lake bado lipo kwenye /proc/interrupts

Ukikuta hivyo na modprobe -r inaning'inia hairudi, kuna programu bado imeshikilia kifaa. Tafuta kwa ps aux, mwenye herufi D kwenye safu ya hali ndiye. Kill haimwui huyo hata ukitumia -9, anasubiri jibu la kadi ambayo imo mfukoni mwako. Irudishe kadi, wakati mwingine anaachia. Asipoachia restati, hamna ujanja mwingine ninaoujua ambao hauleti balaa kubwa zaidi.

Logi inajaa imeingia imetoka imeingia imetoka na kadi hujaigusa

Sasa hapo ndio chukua bisibisi na tochi. Zile pini mbili fupi ndizo zinazochafuka kwanza, na kila zikipoteza mguso daraja linapiga hodi. Mashine zinazokaa ukanda wa pwani, chumvi na unyevu vinakula mguso taratibu, unaweza kuona ukijani au weusi ndani ya sloti. Zima, toa betri, toa na chaja, mulika ndani uangalie kama kuna pini imelala, maana pini za CardBus ziko upande wa laptopu na kadi ikisukumwa kwa nguvu inazikunja. Iliyolala kidogo unainyanyua na sindano kwa utulivu wa mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Kusafisha tumia alkoholi ya isopropili ile ya asilimia 90 na kuendelea, sio spiriti yenye rangi, na uache ikauke kabisa.

ExpressCard haina pini za kukunjika, ina miguso bapa, ugonjwa wake ni kucheza. Kadi ya 34 ukiiweka kwenye sloti ya 54 upande mmoja unabaki hewani, ukigusa waya uliochomekwa kwenye kadi inatikisika na kukatika. Jamaa yangu anayerekodi mziki alikuwa anapoteza rekodi katikati ya wimbo kila mpiga gitaa akipita karibu na meza, kumbe sakafu ya mbao inatikisa waya wa FireWire. Tulikata kipande cha plastiki cha kujazia ile nafasi na tukaufunga waya kwenye mguu wa meza. Aliulaumu mfumo miezi minne.

Kwa wa Windows

Zile za XP na 7 kanuni haibadiliki: ile ikoni ya pembeni ya saa ya kuondoa hadiweya kwa usalama kazi yake ni kuiambia draiva izime intarapti ya kadi kabla hujavuta. Ukivuta bila kuaga, kuanzia Windows 2000 mfumo unazipa draiva taarifa ya kuondoka kwa ghafla, ila taarifa inafika baada ya intarapti, na draiva mbovu inakuwa imeshakufa. Skrini ya bluu yenye 0x000000D1 ukichomoa ni draiva imegusa memori ambayo haipo tena, soma jina linaloishia na .sys hapo hapo kwenye skrini, hilo ndilo la kusasisha au kufuta. Kuona nani anakaa laini gani fungua Device Manager, kwenye View chagua Resources by type, fungua kipengele cha IRQ. Usijaribu kuzibadilisha kwa mkono, kwenye mashine za ACPI hairuhusu na ikiruhusu utajuta.

Kama draiva ni ya kwako

Kuna wanaotengeneza kadi zao za kupimia vitu wanaandika na draiva, hawa ndio nawaonea huruma. Mambo mawili tu. La kwanza, mstari wa kwanza wa fankshen ya intarapti baada ya kusoma hali uwe

if (status == 0xffffffff)
        return IRQ_NONE;

na kila lupu ndani yake iwe na kikomo cha raundi, hata kama una uhakika haitafika.

La pili ni mpangilio wa kuondoka. Watu wanaita iounmap kwanza ndipo free_irq, kwa sababu kuandika hivyo kunaonekana sawa tu na ukijaribu peke yako kunafanya kazi. Ila laini ni ya pamoja, jirani akipigiwa hodi kati ya hiyo mistari miwili draiva yako inaitwa inakwenda kusoma anwani iliyofutwa, keneli inapaniki. Zima intarapti kwenye kadi, kisha free_irq, ndio iounmap. Kompaili keneli yako ya majaribio na CONFIG_DEBUG_SHIRQ, hiyo inapiga hodi ya uongo makusudi wakati unaachia laini, mpangilio ukiwa mbovu itakulipukia hapo mezani kwako na sio kwa mteja.

Umeilaza, umechomoa, umeiamsha

Hii niliiacha mwisho sababu wengi ndio wanavyochomoa kadi, wanafunga kifuniko mashine ilale ndio wanavuta, wakidhani ndio salama. Wakati imelala daraja huenda halina umeme wa kuona kadi imetoka, hivyo mashine ikiamka draiva inaendelea ilipoishia, inaandika kwenye rejista za kadi, inasubiri jibu, inasoma moja tupu, na mambo yanaanza. Yule mwalimu alikuwa anafanya na hii pia. Nilimwekea skripti fupi ndani ya /lib/systemd/system-sleep/ inayofanya pccardctl eject kabla ya kulala na pccardctl insert baada ya kuamka, mistari sita, ukiiweka usisahau chmod +x maana mimi nilisahau na akarudi kesho yake asubuhi.